Nta na polishi za gitaa

Nta na polishi za gitaa ni vitu vinavyopakwa juu ya mpako wa gitaa ili kuusafisha, kuung'arisha na kuukinga dhidi ya jasho, vumbi na mikwaruzo midogo. Mpako ni ile ngozi nyembamba ya vanishi, laka au plastiki ambayo mtengenezaji huiweka juu ya mbao. Nta na polishi hutunza mpako huo, lakini hazichukui nafasi yake wala haziwezi kuurudisha ukishabanduka.

Uchaguzi hutegemea kwanza aina ya mpako, pili hali ya gitaa, na mwisho viambato vilivyomo ndani ya kopo. Kitu kinachong'arisha gitaa moja bila madhara kinaweza kuacha mabaka kwenye gitaa la pili na kuyeyusha mpako wa gitaa la tatu. Mpako ulioharibika hurekebishwa kwa kukwanguliwa na kupakwa upya. Kazi hiyo ni ya gharama, na kwa gitaa la zamani hupunguza thamani yake. Kwa sababu hiyo mafundi hutambua mpako kwanza kabla ya kufungua kopo lolote.

## Tofauti kati ya kisafishaji, polishi, nta na mafuta

Madukani majina haya huchanganywa. Kopo lililoandikwa "polishi" linaweza kuwa na nta ndani yake, na lililoandikwa "nta" linaweza kuwa na chembe za kukwangua. Njia ya kueleweka zaidi ni kuvitofautisha kwa kazi:

- Kisafishaji huondoa jasho, mafuta ya ngozi na vumbi. Kwa kawaida ni kioevu chenye maji na sabuni kidogo au kiyeyushi chepesi. Kikifutwa vizuri hakibakishi kitu.
- Polishi ina chembe ngumu ndogo sana ambazo hukwangua uso wa mpako na kuusawazisha. Kila mara inapotumika, sehemu ndogo ya mpako huondoka.
- Nta huacha tabaka jembamba juu ya mpako. Tabaka hilo hujaza mikwaruzo midogo, hupunguza msuguano na kuzuia jasho lisiguse mpako moja kwa moja kwa muda fulani.
- Mafuta huingia ndani ya mbao zisizo na mpako, kama ubao wa vidole wa magitaa mengi. Hayana kazi juu ya mpako uliofungwa.

Tofauti ya polishi na nta inaeleweka vizuri kwa kuangalia jinsi uso unavyong'aa. Uso laini hurudisha mwanga kuelekea upande mmoja, na jicho huuona mng'ao. Uso wenye mikwaruzo hutawanya mwanga pande nyingi, nao huonekana umefifia. Polishi hurudisha mng'ao kwa kupunguza vilima vya mikwaruzo, nta huurudisha kwa kujaza mabonde yake. Mpako uliokwanguliwa haurudi, lakini nta iliyozidi inaweza kufutwa. Hivyo, pale ambapo vyote viwili vingefaa, nta ni salama zaidi, hasa kwa mpako mwembamba.

## Aina za mipako

### Shelaki

Shelaki ni utomvu unaotolewa na wadudu wadogo (*Kerria lacca*) wanaoishi juu ya matawi ya miti huko India na Thailand. Huyeyushwa katika spiriti na kupakwa kwa kitambaa kilichofungwa kama kidonge, tabaka juu ya tabaka, mara nyingi kwa siku nyingi. Ni mpako wa asili wa magitaa ya klasiki ya Hispania. Mafundi wa zamani kama Antonio de Torres (1817–1892), ambaye ndiye aliyeweka msingi wa umbo la gitaa la klasiki la leo, walifanya kazi katika mapokeo hayo, na mafundi wa magitaa ya bei ya juu wangali wanaitumia.

Shelaki ni nyembamba sana, mara nyingi chini ya sehemu ya kumi ya milimita. Huyeyuka tena ikiguswa na spiriti, hata ikiwa na umri wa miaka mia moja. Maji yakikaa juu yake huacha alama nyeupe, na joto huilainisha. Udhaifu huo una faida yake: fundi anaweza kuitengeneza sehemu moja iliyoharibika bila kuondoa mpako wote.

### Laka ya nitroselulosi

Nitroselulosi hutengenezwa kwa kuchanganya selulosi ya pamba au mbao na asidi ya nitriki. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya DuPont ya Marekani ilianza kuuza rangi za aina hii kwa viwanda vya magari, kwa kuwa zilikauka haraka kuliko vanishi za mafuta. Watengenezaji wa magitaa wa Marekani waliifuata njia hiyo hiyo. Kampuni ya Fender ilitumia rangi za magari za DuPont kwa magitaa yake ya umeme katika miaka ya 1950 na 1960, na Gibson hutumia nitroselulosi hadi leo.

Laka hii hukauka kwa kiyeyushi chake kuruka hewani, na kuruka huko huendelea polepole kwa muda mrefu baada ya gitaa kutoka kiwandani. Kadiri miaka inavyopita hugeuka njano, huwa ngumu na hupata nyufa nyembamba kama za kioo kilichopasuka, hasa gitaa likipelekwa ghafla kutoka baridini kwenda kwenye joto. Thina na asetoni huiyeyusha. Pia hudhurika ikikaa kwa muda mrefu juu ya mpira au plastiki laini.

### Poliesta na poliurethani

Hizi ni plastiki zinazokauka kwa mmenyuko wa kikemia. Zikishakauka haziyeyuki tena kwa viyeyushi vya kawaida. Zilienea viwandani tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na leo ndizo zinazopatikana juu ya magitaa mengi ya kiwandani, hasa yale ya bei nafuu. Baadhi ya watengenezaji wa magitaa ya ubora wa juu huzitumia pia. Kwa mfano, kampuni ya Taylor ya Marekani hutumia tangu miaka ya 1990 mpako wa poliesta unaokaushwa kwa mionzi ya urujuanimno.

Mipako hii ni migumu na huvumilia jasho na spiriti vizuri. Gitaa likigonga ukuta au kiti, kipande cha mpako hutoka kama kigae cha kioo. Hakuna nta wala polishi inayoweza kuziba shimo hilo.

### Mipako ya mafuta na ya nta

Baadhi ya magitaa, na hasa shingo za magitaa ya umeme, hupakwa mafuta yanayoganda, kama mafuta ya mbegu za kitani au ya mti wa tung wa China (*Vernicia fordii*). Mara nyingine huongezwa tabaka la nta. Mafuta haya huingia katika vinyweleo vya mbao na kuacha uso unaoshikika kama mbao tupu. Kinga yake ni ndogo, na huhitaji kupakwa tena baada ya muda.

### Mipako isiyong'aa

Laka au poliurethani inaweza kutengenezwa makusudi isiwe na mng'ao. Uso wake una mikunjo midogo inayotawanya mwanga. Mtu akiusugua kwa polishi, mikunjo hiyo husawazishwa na sehemu hiyo huanza kung'aa. Matokeo yake ni mabaka yanayong'aa katikati ya uso uliofifia, nayo hayawezi kuondolewa nyumbani. Hata mkono wa mpiga gitaa hufanya hivyo polepole mahali unapokaa kila siku.

## Kutambua mpako

Njia ya kwanza ni kusoma maelezo ya mtengenezaji, kwa kuwa kampuni nyingi hutaja mpako wa kila modeli. Pale ambapo maelezo hayapo, dalili hizi husaidia:

- Gitaa la klasiki lililotengenezwa kwa mkono, lenye mng'ao wa upole na alama nyeupe mahali lilipolowa, huenda lina shelaki.
- Gitaa la zamani lililogeuka njano na lenye nyufa nyembamba nyingi juu ya mpako kwa kawaida lina nitroselulosi.
- Gitaa lenye uso mzito kama kioo, ambalo mahali lilipogongwa pameacha kishimo chenye kingo kali, kwa kawaida lina poliesta au poliurethani.
- Gitaa ambalo vinyweleo vya mbao vinasikika kwa kidole, bila ngozi yoyote juu yake, huenda limepakwa mafuta au nta.

Mafundi hufanya pia jaribio la kiyeyushi mahali pasipoonekana, kama chini ya funguo za kukazia nyuzi au ndani ya tundu la nyaya la gitaa la umeme. Ncha ya pamba yenye tone la spiriti huguswa hapo kwa muda mfupi. Mpako ukinata, ni shelaki. Usiponata, hujaribiwa tone dogo sana la thina, na laka ya nitroselulosi italainika. Ikiwa vyote viwili havikuugusa, mpako ni wa poliesta au poliurethani. Jaribio hili halifanywi kamwe mbele ya gitaa wala mahali panapoonekana, kwa kuwa huacha alama. Kwa gitaa la thamani kubwa linaachiwa fundi.

## Viambato na athari zake

### Nta

Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 hivi. Ni laini, hupakika kwa urahisi na huacha mng'ao wa upole. Ulaini huo una hasara: ikipakwa nene hunata mkononi na kushika vumbi, hasa mahali penye joto. Tanzania ni mzalishaji wa nta ya nyuki tangu zamani, na misitu ya miombo ya mkoa wa Tabora inajulikana kwa asali na nta yake. Nta hiyo inapaswa kuchujwa vizuri kabla ya kutumika kwenye gitaa, kwa kuwa mabaki ya masega na mchanga hukwaruza.

Nta ya karnauba hukwanguliwa kutoka majani ya mti wa jamii ya mitende (*Copernicia prunifera*) unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili. Huyeyuka kwenye nyuzijoto 82 hadi 86 hivi na ni miongoni mwa nta ngumu kuliko zote za asili. Hung'aa sana na hainati. Kwa kuwa ni ngumu mno kupakwa peke yake, huchanganywa na nta laini na kiyeyushi.

Nta ya mikrokristali hutokana na mafuta ya petroli. Fuwele zake ni ndogo sana, hivyo hukaa kama tabaka laini lisilo na asidi. Wahifadhi wa makumbusho huipendelea. Nta maarufu ya aina hii, Renaissance Wax, ilibuniwa kwenye maabara ya British Museum mjini London katika miaka ya 1950 kwa ajili ya kutunza vitu vya kale.

Parafini, yaani nta ya mishumaa, ni ya bei rahisi lakini haina ugumu wa karnauba. Hutumika zaidi kama kiambato cha kuongeza wingi.

### Silikoni

Silikoni imo katika dawa nyingi za kupulizia samani na katika nta nyingi za magari. Huteleza, hung'aa mara moja na haihitaji kusuguliwa, na hiyo ndiyo sababu ya kupendwa kwake. Tatizo lake hujitokeza siku gitaa linapohitaji matengenezo. Laka mpya ikipuliziwa juu ya mabaki ya silikoni hukimbia na kuacha vishimo vya mviringo kama macho ya samaki. Silikoni ikiingia ndani ya ufa, gundi haishiki vizuri. Kuiondoa ni kazi ngumu, na mara nyingine inakuwa imeshafika kwenye mbao. Kwa hiyo mafundi wengi hukataza kabisa polishi zenye silikoni kwa gitaa la mbao, hata kama mpako wake wa sasa hauathiriki nazo.

### Viyeyushi

Nta ya kopo hulainishwa kwa tapentaini, spiriti nyeupe, nafta au viyeyushi vikali zaidi kama tuluini. Nafta na spiriti nyeupe kwa kawaida hazidhuru laka iliyokauka kabisa. Tuluini inaweza kulainisha nitroselulosi. Kisafishaji cha vioo chenye amonia na vitakasa mikono vyenye spiriti havifai kabisa kwa shelaki wala kwa nitroselulosi.

### Chembe za kukwangua

Chembe za polishi hupangwa kwa ukubwa, kama msasa. Polishi ya gitaa ina chembe ndogo sana. Ile ya kuondoa mikwaruzo ya magari inaweza kuwa na chembe kubwa mara kadhaa. Dawa ya meno, ambayo watu wengine huishauri kwa mikwaruzo, ina chembe zisizojulikana ukubwa wake, nayo haifai.

### Vitu vya nyumbani

Mafuta ya nazi, mafuta ya kupikia na mafuta ya kujipaka hayagandi. Hubaki majimaji, hushika vumbi, na yale ya mimea huvunda. Kiwi cha viatu kina rangi ambayo huingia katika nyufa na vinyweleo vya mbao na haitoki. Vitu hivi huonekana kufaulu siku ya kwanza kwa sababu chochote chenye mafuta hujaza mikwaruzo na kuleta mng'ao kwa muda.

## Uchaguzi kwa kila mpako

- Shelaki: kitambaa kikavu na laini baada ya kila kupiga. Doa lisilotoka hufutwa kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo sana na kukaushwa papo hapo. Nta laini isiyo na spiriti wala chembe inaweza kupakwa mara moja kwa mwaka, tena nyembamba. Polishi yenye chembe haifai, kwa kuwa mpako ni mwembamba mno.
- Nitroselulosi: kisafishaji kilichoandikwa kuwa kinafaa kwa nitroselulosi, kisha nta ya karnauba au ya mikrokristali isiyo na silikoni. Gitaa jipya huachwa wiki kadhaa bila nta ili laka iendelee kukauka. Kama laka ina nyufa, polishi nyeupe huepukwa kwa sababu masalia yake hukauka ndani ya nyufa na kuzionyesha zaidi.
- Poliesta na poliurethani zinazong'aa: karibu polishi zote za gitaa zinafaa. Mikwaruzo midogo inaweza kuondolewa kwa polishi yenye chembe ndogo, kisha nta ya karnauba ikafuata. Nta hapa ni ya kupunguza mikwaruzo na alama za vidole, kwa kuwa mpako wenyewe unajitosheleza dhidi ya jasho.
- Mpako usiong'aa: kitambaa kilicholoweshwa kidogo, au kisafishaji kisicho na nta wala chembe. Nta huacha weupe katika vinyweleo, na kuisugua huleta mng'ao usiotakiwa.
- Mafuta au nta: mafuta au nta ya aina ile ile iliyotumiwa na mtengenezaji, baada ya kusafisha kwa kitambaa.
- Gitaa lenye ufa au mpako uliobanduka: hakuna nta wala polishi mpaka fundi aliziba. Nta ikiingia katika ufa huzuia gundi, nayo husababisha ufa uendelee.
- Mpako usiojulikana: kitambaa laini, pumzi ya mdomo na, ikibidi, maji kidogo sana. Hizi hutosha kwa uchafu mwingi wa kila siku.

## Ubao wa vidole

Ubao wa vidole huguswa kuliko sehemu nyingine yoyote, lakini mara nyingi hauna mpako. Hutengenezwa kwa mbao nzito kama abunusi au miti ya jamii ya *Dalbergia*. Mpingo (*Dalbergia melanoxylon*), unaoota Tanzania na Msumbiji, ni wa jamii hiyo. Unajulikana zaidi kwa kutengenezewa klarineti na oboi, ila baadhi ya mafundi huutumia pia kwa magitaa.

Ubao wa namna hii husafishwa wakati wa kubadilisha nyuzi. Matone machache ya mafuta hupakwa, huachwa dakika chache, kisha hufutwa yote. Mara moja au mbili kwa mwaka hutosha. Mafuta mengi hayaongezi kinga, bali huvuta vumbi kando ya freti. Yale yanayouzwa kama "mafuta ya limau" kwa kawaida ni mafuta ya madini yaliyotiwa harufu. Maji ya limau lenyewe yana asidi na hayafai.

Ubao mweupe wa mti wa *Acer*, unaoonekana kwenye magitaa mengi ya umeme, kwa kawaida hupakwa laka. Huo hutunzwa kama mwili wa gitaa, bila mafuta.

## Namna ya kupaka nta

1. Mikono inawe na kukaushwa. Pete, saa na mshipi wenye bakoli ya chuma vivuliwe.
2. Vumbi liondolewe kwanza kwa brashi laini au kitambaa kisichokandamizwa. Vumbi lenye mchanga likisuguliwa hufanya kazi ya msasa.
3. Mafuta ya ngozi yafutwe kwa kisafishaji. Nta ikipakwa juu ya jasho huufungia uchafu chini yake.
4. Nta au polishi ijaribiwe mahali padogo pasipoonekana na kuangaliwa siku inayofuata.
5. Nta kidogo iwekwe juu ya kitambaa, si juu ya gitaa, kisha ipakwe kwa mizunguko midogo, sehemu moja baada ya nyingine.
6. Ikishafifia, isuguliwe kwa kitambaa kingine safi hadi kidole kiteleze bila kuacha alama. Nta inayobaki ikionekana kwa macho imezidi.
7. Daraja, tundu la sauti na freti ziepukwe. Masalia ya polishi hujikusanya kando ya daraja na kukauka kama chokaa.

Kitambaa kinachofaa ni cha pamba iliyochakaa au cha nyuzi ndogo za kutengenezwa. Fulana kuukuu au kipande cha kanga iliyofuliwa mara nyingi hufaa, ilimradi hakina mshono mgumu wala vifungo. Karatasi ya kufutia hukwaruza laka laini.

Kufuta kwa kitambaa hufanywa kila baada ya kupiga, kusafisha kila baada ya miezi michache, na nta mara moja au mbili kwa mwaka. Polishi yenye chembe hutumika tu pale penye mikwaruzo inayosumbua. Nta iliyorundikana kwa miaka na kuleta ukungu huondolewa kwa nafta kidogo juu ya kitambaa, isipokuwa kwenye mipako ya mafuta na nta.

## Mipaka ya kinga ya nta

Nta haizuii gitaa kukauka wala kuvimba. Mvuke wa maji hupita katika tabaka jembamba la nta, na tena ndani ya gitaa la akustiki mbao kwa kawaida hazina mpako wowote. Unyevu huingia na kutoka kupitia tundu la sauti, hata kama nje pang'ae kama kioo. Mbao hutulia vizuri zaidi unyevunyevu wa hewa ukiwa kati ya asilimia 45 na 55 hivi. Hewa ya pwani, kama ya Dar es Salaam, Zanzibar au Mombasa, huwa na unyevu mwingi zaidi ya huo, na uso wa gitaa unaweza kuvimba. Bara wakati wa kiangazi, kama Dodoma, hewa hukauka na mbao zinaweza kupasuka. Kinga ya kweli hapo ni sanduku linalofunga vizuri pamoja na kitu cha kupunguza au kuongeza unyevu ndani yake.

Nta haiwezi pia kuzuia joto. Ndani ya gari lililoegeshwa juani joto hupanda hadi kulainisha nta, mpako na hata gundi inayoshika daraja.

Dawa za kupaka za kufukuza mbu ni hatari ambayo wapigaji wengi hawaifikirii. Nyingi zina kiambato kiitwacho diiti, ambacho hulainisha plastiki, laka na hata baadhi ya mipako ya poliurethani. Mkono uliopakwa dawa hiyo ukikaa juu ya gitaa unaweza kuacha alama ya kudumu, na tabaka la nta halitoshi kuuzuia. Anayepiga muziki nje wakati wa jioni hunawa mikono au huvaa shati la mikono mirefu.

Vibanio vya kutundikia na stendi zenye mpira huweza kuacha alama nyeusi au laini juu ya nitroselulosi. Hapo kipande cha pamba kati ya mpira na gitaa husaidia kuliko nta.

Kuhusu sauti, tabaka la nta lililosuguliwa vizuri ni jembamba mno kulinganisha na mpako na mbao zilizo chini yake. Haliongezi sauti wala kulizamisha gitaa.

## Usalama

Viyeyushi vya nta na polishi huwaka na moshi wake hudhuru. Kazi hufanywa mahali penye hewa, mbali na jiko, mshumaa na sigara. Vitambaa vilivyotumika kwa mafuta ya kitani au ya tung vinahitaji uangalifu zaidi: mafuta hayo yanapoganda hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa au kutupwa kwenye rundo kinaweza kuwaka chenyewe. Hutandazwa kimoja kimoja nje mpaka kikauke, au hulowekwa ndani ya maji kabla ya kutupwa.

## Tazama pia

- Gitaa
- Mpingo
- Nta ya nyuki
- Vanishi
- Ala za muziki